Mgongo wa Mkono

Dereva wa gari letu la watalii, lile lenye vitanda na jiko ninalopikia, haiamini taa ya chaja. Kila simu inayochajiwa huigusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Iliyojaa huichomoa na kuifunga kitambaa, vumbi lisiingie. Tulipokunywa chai Mwika, aligusa pawa benki, betri ya kuchajia simu, ya mama mmoja, mgeni kutoka Dar, akakuta imevimba.

“Mama, hii hailali na watu.”

“Mbona bado inachaji vizuri tu?”

Dereva aliichukua. Aliipeleka kwenye rundo la mchanga kando ya migomba, akarudi. Chai haijaisha, pawa benki ikafuka moshi, ikalipuka. Sote tuligeuka isipokuwa yeye. Mkono wake ulishahamia kwenye simu yangu, nami nikabana pumzi.