Mukono kwenye Shavu

Harufu ya alkoli ya hospitali bado inanikausha mate. Leo muuguzi amemupaka mama mukononi, na kwa mawazo mimi nimerudi kwenye kile chumba cheupe cha zamani, mutoto kiziwi anayesubiri kupasuliwa sikio.

Wote humo walikuwa wamefunika midomo kwa vitambaa. Mama nilimutambua kwa vumbi jekundu la njia ya kwetu Karavia kwenye viatu vyake. Kitambaa cha mudomo wake kilitikisika, mukono wake ukaenda mbio: shavuni, kidevuni, kooni. Ndivyo tulivyozungumza nyumbani: midomo ilinipa nusu ya neno, mukono ukanipa nusu iliyobaki. Sasa midomo haikuwepo. Nikadhani ananiaga. Nikapiga kelele nisizozisikia.

Mama akavuta kitambaa chini. Muuguzi akamukamata bega. Mama hakugeuka.

“Niko hapa, mwana wangu,” alisema kwa midomo na mukono. “Siende fasi yoyote.”

Leo yeye ndiye amelala. Plastiki ya oksijeni imefunika kinywa chake, imejaa mvuke. Mukono wake unapanda polepole, unagusa shavu, unashuka kidevuni. Anarudia, tena na tena, nusu ya neno tu. Vidole vyangu vimeshika mupira unaoshikilia ile plastiki usoni, na ninaogopa kuuvuta.