Saa Moja ya Shangazi Zuwena

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi ya kupokea mizigo kule eneo huru la biashara la uwanja wa ndege hapa Dubai, na harusi yangu ilikuwa imebaki wiki tano. Baba aliniita sebuleni, nyumba yetu ile ya Bur Dubai, akaniambia, "Nenda Salala, kule Omani, ukamwalike shangazi yako Zuwena. Kwa mdomo wako, si kwa simu wala kadi. Akija, nitajua amenisamehe."

Hapo pana kisa. Mume wa shangazi alipofariki, arbab wa baba, yaani tajiri wake wa kazi kule bandarini, hakumpa ruhusa mapema, baba akafika Salala matanga yameshaanuliwa. Shangazi hakumtukana. Alimpa kahawa tu, na tangu siku ile hakutia mguu Dubai. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo, tukikasirika sana tunakuwa na adabu nyingi.

Basi mimi nikasikia "Salala" tu, hayo mengine yakapita. Enzi hizo ofisi yetu ilipumzika Alhamisi na Ijumaa. Nikachukua wenzangu wawili wa kazini, tukakata tiketi, nikazipanga siku mbili saa kwa saa, kama ulivyozipanga wewe za safari yako kwenye simu, ukanionyesha jana kwa fahari: magofu ya mji wa kale, soko la ubani, kaburi la Nabii Ayubu mlimani, madafu ya kando ya barabara. Ulikuwa msimu wa manyunyu, milima yote kijani, nasi tumetoka kwenye joto letu hili. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Shangazi nilimpa saa moja ya mwisho, tukielekea uwanja wa ndege. Na tulilala hoteli. Mtu ana shangazi mjini, analala hoteli, hebu fikiria.

Nilipobisha hodi, mlango ulifunguka sijamaliza. Watu wa kwetu wa Salala wanajuana wote, na muuza ubani alishampelekea habari tangu Alhamisi kwamba mtoto wa kaka yake yuko sokoni. Chumba cha wageni kilikuwa kimetandikwa mashuka mapya. Wali wa Alhamisi ulikuwa umeliwa na majirani, wa Ijumaa ulikuwa bado kwenye sinia, umefunikwa kawa. Mimi tumbo limejaa, na wenzangu wananingoja nje ndani ya teksi.

Nikatoa mwaliko wangu kwa maneno yote niliyofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Magofu umeyaona?" akaniuliza.

"Nimeyaona, shangazi."

"Na kaburi la Nabii?"

"Tumezuru."

"Alhamdulillahi. Baba yako alinifikia matanga yameshaanuliwa, na wewe umenifikia mkoba uko begani. Kwenu mimi ni mtu wa kumalizia safari."

Hakupandisha sauti. Akanifungia wali niende nao, akaniombea mke mwema. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Niliporudi, baba akauliza amesemaje. Nikamjibu, "Amesema inshallah." Na hilo hakulisema. Siku ya harusi baba alisimama mlangoni, kila gari likisimama anainua shingo, mpaka kadhi akamwita mara tatu. Nikaozeshwa huku nikimtazama yeye, na roho ikiniuma.

Jioni ile nilimweleza yote. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Kosa langu. Msamaha hauombwi kwa kutuma mtu." Siku ya tatu akaenda Salala mwenyewe, akakaa kwa dada yake wiki mbili, wala hakuona gofu hata moja. Alirudi anacheka.

Mimi shangazi alinisamehe kwa mdomo, na ubani alinitumia kila mwaka. Lakini nyumbani kwangu hakukanyaga mpaka Mungu alipomchukua, na ninyi wanangu hamkumjua. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu huyo nimemlea miaka mingi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kutembea. Magofu yamengoja karne na karne, yatakungoja mpaka Jumapili mchana. Mtu mzima hangoji hivyo. Ukifika mji wowote wenye mtu wako, teremkia kwake kwanza, begi lako lilale kwake, ule chake hata kama umeshiba, kisha mwombe yeye akuonyeshe mji. Ukitumwa neno zito, lifikishe kabla hujatazama kitu kingine, na ukirudi usilitie chumvi. Na lako la kuomba radhi lipeleke kwa miguu yako. Undugu ni kufaana, na kufaana kunataka muda.

Mungu akupe safari ya heri, akukutanishe na watu wako wangali wazima, na akurudishe kwetu ukiwa huna mtu wa kumkwepa macho.