Anselme, fundi aliyelazwa ndani ya gari lake

Asubuhi ya Kisenyi, mtaa wa magereji wa Kampala, haijui kuamka taratibu. Nyundo zinalia, jenereta linakohoa, muuza chai anapenya katikati ya magari yaliyofunguliwa matumbo, na Anselme Musavuli amelala chali chini ya Land Cruiser nyeupe. Kinachoonekana ni miguu yake tu.

"Mama Munirah, panda," anaita kutoka huko chini. "Kaa ku upande wa nyuma. Vizuri. Sasa usitikisike."

Munirah, mwenye duka la vipuri na mwenye ua huu wa gereji, anapanda akishika mlango kwa mikono miwili. Ni mama mwenye mwili wake na hajawahi kuuonea haya. Gari linashuka kidogo. Mafundi wa ua wa jirani wanaangua kicheko.

"Chekeni tu, bassebo," anawajibu, akiwaita mabwana kwa Kiganda. "Nyinyi mwili yenu haijawahi kuitwa kazini. Yangu leo iko na kazi."

Anselme anajivuta kutoka chini ya gari, anavuta tepu yake na kupima nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi. Anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha anamwita mkunga Vera Nerima, aliyelileta gari, naye apande akae pale anapokaa siku zote akiwa na mgonjwa.

Anabaki mtu mmoja. Nafuna, mama kutoka miteremko ya Mlima Elgon, amesimama kando ya ukuta na mtoto mgongoni. Analitazama gari kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumuuma. Amekuja Kampala kwa basi, ingawa gari hili lilikuwa linakuja huku huku, likiwa tupu.

Yeye ndiye hakimu wa leo. Akilikubali gari, akina mama wa mlimani kwao watalipanda. Akilikataa, wataendelea kubebwa kwa machela ya miti kwenye njia za utelezi, na gari litabaki kuota kutu nje ya zahanati.

Mafundi wengi hupima gari likiwa tupu. Anselme hataki kabisa. Kabla ya kukaza nati za mwisho, humwambia mteja alete watu au mizigo ile ile ambayo gari litabeba, wapande, ndipo apime.

"Gari tupu inadanganya," anasema. "Inasimama muzuri, inakufurahisha macho. Ngoja watu baingie, utaona tabia yake."

Utaratibu huo umewaudhi baadhi ya vijana wa Bugolobi, mtaa wa wenye fedha, wanaotaka magari yao yainuliwe juu ili yatishe mjini. Mmoja aliambiwa alete familia nzima anayosafiri nayo mbugani. Akaja na mke, watoto, jiko la nyama choma na mama mkwe. Aliondoka na gari la chini kuliko alivyotaka, lakini mama mkwe alikuwa anamsifu, na hilo si jambo dogo.

Anselme alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo. Ufundi aliuokota chini ya malori ya kahawa na maharagwe, kwenye barabara ambazo mvua moja tu huzigeuza kuwa mito. Huko gari halisifiwi kwa mwendo wala rangi. Husifiwa kwa mzigo.

Vita vilipowafikia, yeye na mkewe Estelle walivuka mpaka wakaja Kampala. Alizunguka gereji nyingi akiambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa vile vile. Munirah ndiye aliyempa nafasi ya kufanyia kazi kando ya ukuta wake, na hadi leo Anselme akilitaja jina hilo hushusha sauti.

"Hakuniuliza karatasi," anasema. "Aliniuliza kama nimekula. Mutu akikuuliza vile siku ya kwanza, utamusahau namna gani?"

Munirah, ambaye Kiswahili chake alikipata kwa baba yake mwanajeshi, hataki sifa hizo zimpande kichwani. "Bambi, maskini, alikuwa mwembamba kama spana," anasema. "Ningemfukuza ningepata nini? Na sasa wateja yake ndiyo wananunua springi kwangu. Mungu analipa hivyo hivyo."

Siku hizi Anselme hupata ujira wa takriban shilingi laki mbili kwa gari moja. Wiki nzuri huleta magari mawili, wiki mbaya huleta mvua tu. Chumba kinalipiwa, watoto wanasoma. Anasema halalamiki, na ukimtazama usoni unaamini.

Habari ya gari hili jeupe lakini haikuanza kwa shukrani. Anayeisimulia vizuri ni Nerima, Mkenya kutoka Bungoma aliyeajiriwa na zahanati ndogo upande wa Uganda wa mlima ule.

Mwaka jana alilileta gari Kisenyi akamwambia Anselme neno moja: mlima. Alitaka springi imara na tairi za kupita kwenye matope na mawe.

"Gari ilirudi kwetu imesimama, ndefu, tairi zina meno kama mamba," Nerima anakumbuka. "Tulifurahi kama watoto. Ikavuka mto, ikapita matope, ikapanda mawe. Shida ikawa kwa wale wako ndani."

Anselme alikuwa amefanya kile ambacho fundi yeyote wa Butembo angefanya. Alisikia mlima, akaona magunia. Akaongeza mapande ya chuma kwenye springi za nyuma hadi gari likaweza kubeba kahawa ya kijiji kizima.

Springi za namna hiyo hulainika zikilemewa. Ukiweka juu yake mama mmoja na godoro, hazipindi hata kidogo, na kila jiwe la barabarani linamfikia mgongoni.

"Sikuuliza nani atapanda," anakiri. "Kwetu gari ya mulima ni gari ya muzigo. Ukiambiwa mulima, unaongeza chuma."

Aliyelipa kosa hilo ni Nafuna. Uchungu ulimshika msimu wa mvua, akalazwa nyuma ya gari, na kabla hawajafika nusu ya njia akamwomba dereva asimame. Alishuka akatembea kwa miguu kwenye tope, amemshikilia Nerima begani, mpaka nyumba ya kwanza waliyoikuta. Huko ndiko alikojifungua mtoto wa kike, salama. Ndiye huyu aliye mgongoni leo, anayenyonya kidole na kuushangaa mji.

Habari mlimani hazihitaji gari. Baada ya siku chache hakuna mama aliyetaka kusikia habari za Land Cruiser ya zahanati. Wanaume wakarudia machela, na wanaume nao huteleza.

Nerima angeweza kulichafua jina la Anselme kuanzia Mbale hadi Kampala. Badala yake aliliendesha gari mpaka Kisenyi, akafungua mlango wa nyuma, akaonyesha godoro na kumwambia, "Fundi, lala."

Anselme alidhani ni utani. Alilala. Nerima akashika usukani mwenyewe, akampeleka Makindye, kwenye mteremko mmoja wa vumbi uliochimbwa na maji ya mvua, akampandisha na kumshusha bila huruma.

"Nilirudi nashika mbavu," Anselme anasema. "Na nililia. Si juu ya maumivu tu. Nilimukumbuka Estelle."

Walipokuwa wanakimbia Butembo, Estelle alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Walipata lori lililojaa maharagwe kwenda mpakani. Mkewe alipanda juu ya magunia pamoja na wanawake wengine.

"Miye nilikaa mbele na dereva," anasema. "Njia yote tunaongea juu ya springi."

Jioni ile ya Makindye alirudi nyumbani akamuuliza mkewe, kwa mara ya kwanza, ile safari ilikuwaje kule juu. "Umechelewa kuuliza," Estelle akamwambia, "lakini aksanti."

Ndiyo maana Anselme humwita Nerima mwalimu wake. "Angenitukana, ningejitetea," anasema. "Alinilaza tu. Namushukuru kila siku." Ni baada ya hapo ndipo alipoanza utaratibu wake wa kuwapandisha watu kwanza, na kazi ya kulirekebisha gari hili hakukubali kulipwa ujira.

Ametoa vyuma alivyoviongeza na kufunga springi ndefu zenye mapande membamba yanayopinda taratibu. Shokapu ni mpya, na bushi zote, ile mipira ya kwenye maungio, zimebadilishwa. Zile tairi pana zenye meno ya mamba zimewapisha wenzao warefu na wembamba, wanaokata tope mpaka wakutane na ardhi ngumu. Upepo nao ameupunguza kidogo, ili tairi lilipapase jiwe badala ya kulipiga teke.

Vipimo vimekwisha. Munirah anashushwa kwa heshima zote, na sasa macho yote yako ukutani.

Nafuna anamfungua mtoto, anampa Munirah ampakate, anapanda nyuma, analala kwenye godoro na kushika bomba la chuma la ubavuni mwa gari kwa mkono wa kulia. Anselme anakaa sakafuni kando yake, juu kabisa ya ekseli, mahali panaporusha kuliko pote. Nerima anawasha gari. Mwandishi wa makala haya anapewa kiti cha mbele, na baada ya kusikia habari ya lile lori anakikalia kwa aibu kidogo.

Huko Makindye mteremko ni ule ule. Mtaro wa kwanza unalipokea gurudumu la kushoto, gari linainama, linainuka. Mawe yanafuata. Anselme anautazama mkono wa Nafuna kwenye lile bomba, vidole vimebana mpaka vimepauka. Midomo ya fundi inacheza. Anaomba.

Wanashuka hadi bondeni, wanageuza, wanapanda tena. Katikati ya kilima mkono ule unaachia bomba na kutua tumboni. Ndipo Nafuna anapomwambia Nerima jambo kwa Kimasaaba, lugha ya kwao mlimani. Nerima anasimamisha gari, anaegemea usukani na kucheka mpaka machozi yanamtoka.

"Anasema nini?" Anselme anauliza.

"Anauliza ile barabara mbaya iko wapi. Mbona hatufiki?"

Anselme anafunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Akiitoa, uso ni mweusi na unacheka.

Wakirudi Kisenyi anapewa chai kabla hajaomba. Ana mpango sasa, na anautaja kwa sauti kubwa ili Munirah asikie: msimu wa mvua ukianza atapanda mlimani akae juma zima na zahanati, alale nyuma mara nyingi iwezekanavyo, alisikilize gari kwenye njia yake lenyewe. Na siku amani ikirudi kwao, anataka kufunga gari kama hili kwa ajili ya akina mama wa barabara ya Butembo hadi mpakani.

"Estelle atapanda wa kwanza," anasema. "Na miye nitakaa nyuma."

Munirah anamkumbusha Nafuna kwamba basi la Mbale linaondoka karibuni, atafute boda sasa hivi. Nafuna anamchukua mwanawe kutoka mapajani mwake. "Basi ya nini?" anauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi iko na gari."

Anapanda nyuma. Anamlaza mtoto kwenye godoro kwanza, kisha anajilaza kando yake na kumwambia Nerima afunge mlango.