Kitambaa Kilichompeleka Mgeni Shambani

Jamani, mkicheka chekeni taratibu, maana mpaka leo nikikumbuka siku ile uso unaniwaka. Miaka ile ya Wabelgiji, masista hapa Goma walitufundisha wanawake kudarizi, nami nikapatwa na ugonjwa wa misemo: juu ya mtungi "Haba na haba hujaza kibaba", juu ya kitanda "Mchumia juani hulia kivulini", na mume wangu akichelewa kuamka sisemi neno, namnyooshea tu ukuta kidole (nilijiona mwalimu, kumbe!).

Basi Muzee Sebuhoro akaja kutoka Rutshuru kumposa mdogo wangu Venansia kwa ajili ya mwanawe. Ilikuwa arudi siku ya pili, lakini mvua ikaharibu barabara, lori halikuja, ikabidi abaki, na neno la mwisho likangoja kesho yake, siku ya tatu, mezani kwangu. Asubuhi hiyo nikamwaga chai juu ya kitambaa cha meza. Nikavuta kingine ukutani, chenye maua mekundu, sikukisoma (nani anasoma alichoshona mwenyewe?), nikakitandika mbele ya mgeni.

Muzee alijua kusoma, alifundishwa na katekista. Akasoma polepole, kwa sauti: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Na kwetu, mambo ya posa wazee hawaambiani waziwazi, wanapitia kwenye methali, kwa hiyo akaona hilo ndilo jibu letu.

"Mama, jembe iko wapi?" Nikadhani anatania, nikamwonyesha!

Akatoka na koti lake la misa, akaingia katika maharagwe yetu, jembe likawa linalia kwenye mawe ya volkano, majirani wakajaa uani, baba yetu, aliyekuja kutoa jibu la posa, akamkimbilia na kumshika mkono: "Muzee, utusamehe, haiko sisi tulisema, ni kitambaa!"

"Na kitambaa ni ya nani?"

Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

Muzee akaondoka bila kula, na posa ikalala mpaka mavuno yaliyofuata ndipo ikarudi. Muda wote huo Venansia analia, nami (sikomi!) namwambia "Mvumilivu hula mbivu", mpaka siku moja akaniambia (kwetu dada mkubwa huitwa yaya), "Yaya, nyamaza basi. Ukae tu na mimi."

Nikakaa. Aibu ya maharagwe ilikuwa ndogo kuliko niliyoipata hapo. Naapa, mtu akilia mbele yangu, sitamtupia methali tena.