Taa ya Injini na Rangi ya Kucha

Leo gari niliyouziwa na dadangu imeongea, na imenitoboa roho.

Nimekuwa hapa Ngoingwa nikichomelea waya, natengeneza kifaa changu mwenyewe cha kuunganisha gari na laptop. Leo nikakichomeka kwa ile soketi iko chini ya usukani.

Ngai! Skrini ikajaa hitilafu za injini.

Nilishtuka, kwa sababu taa ya injini haijawahi kuwaka. Hata dadangu Ciru akiniuzia alijigamba, "Hii gari haijawahi kuniwashia taa hata moja."

Nikampigia huko Ruiru. Akacheka.

"Ni hiyo waya yako ya kujitengenezea, kakangu. Gari iko sawa."

Nikamwamini. Ni dadangu, jameni! Nikafumua kazi yangu yote, nikachomelea upya.

Hitilafu ni zile zile.

Ndio nikaona kitu. Nikigeuza ufunguo, taa zote za dashibodi zinawaka, isipokuwa hiyo ya injini.

Nikafungua dashibodi.

Balbu iko, nzima kabisa. Lakini imepakwa rangi ya kucha, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwanga hautoki.

Maroon. Ile ile nilimnunulia Ciru Krismasi. Mnajua vile nilizunguka Thika nikiitafuta?

Nimepiga hiyo balbu picha, nikamtumia bila neno.

Amesoma. Akajibu. Someni, mniambie kama bado niko na dada:

"Kwani ulikuwa unafungua dashibodi ukitafuta nini?"