Kambare wa Wakwe

Dukani kwetu Kaisho, kwa yule muuza misumari na kamba, ndoana huwekwa kwenye kopo lenye mafuta machafu ili zisishike kutu. Harufu ile ya chuma na mafuta ikinifika puani, mimi mama mzima mwenye watoto wangu, naona aibu kana kwamba watu wote dukani wananitazama.

Nilikuwa darasa la nne. Dada yangu Advera alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Isingiro Jumapili ile kukamilisha maneno. Jogoo tuliyemweka kwa ajili yao, pamoja na kuku wengine wote, walikuwa wameisha kwa ugonjwa wa mdondo. Mama akashika kichwa. Taata, ndivyo tulivyomwita baba, akasema acheni wasiwasi, wakwe watakula kambare mpaka walambe vidole.

Taata alikuwa fundi wa kambare na mimi nilikuwa kipenzi chake. Jumamosi ile alimwaga ndoana zote kwenye ungo, tukakaa mlangoni kuzichagua.

"Hii je?" akaniuliza.

"Nene hiyo, Taata. Itaua chambo."

Chambo chetu kilikuwa furu, vile visamaki vidogo, wakiwa hai. Ukimtoboa mgongoni kwa ndoana nene hakawii kufa, na kambare wa kinamasi chetu alipenda furu anayehangaika. Ukiweka nyembamba mno, kambare mkubwa anainyoosha na kwenda zake. Sisi tulitaka ya katikati, yenye mdomo mpana na kijino kikali. Kila aliyoniuliza nilijibu, naye Taata anacheka, "Mtoto huyu ana akili za kizee!" Jamani, nilivimba kichwa! Advera hakuwepo, alikuwa Bugomora kwa shangazi, akifundwa mambo ya unyumba.

Jioni tukaelesha mishipi kando ya mafunjo, kila mmoja umefungwa kwenye chupa tupu ya mafuta ya kupikia. Asubuhi chupa moja haikuonekana. Tuliikuta imezama kwenye matope, na kambare mwenyewe alikuwa mrefu kuliko mkono wa Taata. Nilimfuata baba hadi nyumbani nikiimba.

Wageni wakaja, shikamoo zikapita, ndizi zikafunuliwa zinatoa moshi. Taata akamwekea baba mkwe kichwa cha kambare, sharubu na yote, kwa heshima. Mzee hakuigusa sahani. Mkewe akageuza uso. Taata akazidi kuwakaribisha, "Kuleni, wakwe, msione haya! Binti yangu mdogo ndiye aliyechagua ndoana!"

"Mkwe," mzee akasema taratibu, "sisi ni Wasabato. Samaki asiye na magamba hatumli. Hamkuuliza?"

Loo! Taata alibaki na upawa mkononi. Sisi Walutheri tulikuwa tunakula kambare bila kuwaza, tukadhani kila mtu anakula. Nilimwona baba yangu, fundi wa kinamasi, akikosa pa kutazama, nami nikatamani ardhi ipasuke. Wageni wakaanza kukusanya fimbo na kanga zao. Kule jikoni Advera, aliyerudi asubuhi ile kutoka kwa shangazi, alikuwa ameinama juu ya sufuria.

Nikatoka mbio hadi kwa Mama Jeni, jirani mwenye ng'ombe, nikamwomba maziwa ya mgando huku nalia. Niliporudi wageni walikuwa wamefika mlangoni. Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Akanitazama sana. Kisha akacheka, akarudi kuketi.

"Nyumba yenye mtoto kama huyu," akasema, "haiwezi kutuangusha."

Siku ya harusi ikapangwa palepale. Ndipo Advera akaangua kilio jikoni, na Mama akatuambia ni aibu ya yule samaki.

Niliamini hivyo miaka yote. Mwaka jana ndoa ilimshinda Advera, akarudi nyumbani kabisa, nguo zake zote ziko kwenye kiroba. Tulikuwa tunamenya ndizi nikamwambia, "Dada, nisamehe, siku ile nilikuaibisha na kambare wangu."

Akaacha kumenya.

"Hukuniaibisha. Nilijua hawali kambare, nikanyamaza makusudi. Yule mwanaume nilikuwa simtaki, na kumwambia Taata niliogopa. Niliposikia wanasimama nikamshukuru Mungu. Halafu ukaingia wewe na maziwa."

Alisema bila hasira, ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilishika kisu nikashindwa kumtazama. Jumamosi ile nzima Taata alikuwa ameniuliza habari za ndoana, nami nikafurahi kuulizwa. Dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaondoka, hakuna aliyemuuliza neno, wala mimi.