Kinga Niliyoipoteza Makete

Nilizaliwa Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero, na utotoni niliugua malaria mara nyingi mpaka mama akaacha kuhesabu. Nilipofika darasa la saba homa zilikuwa zimelegea. Naumwa kichwa siku moja, kesho yake niko kwenye mpunga na wenzangu. Kwa hiyo nilipohamishiwa shule ya nyumbani kutoka Makete, nilikofundisha biolojia miaka kumi na miwili, sikuwa na hofu. Walimu wenzangu kule kwenye baridi walinionya juu ya mbu wa Kilombero. Niliwaambia mimi na hao mbu tumekua pamoja.

Wiki niliyofika nyumbani, wahudumu wa zahanati walikuwa wakipita kupima watu malaria. Mama alikuwa ndiyo kwanza katoka kupalilia. Akatoa kidole, kipimo kikaonyesha vimelea. Mimi sikuwa na kitu. Mama aliuliza kama hawajachanganya vipimo, maana yeye haumwi popote. Hawakuchanganya. Akameza dozi ya kwanza, na mchana akarudi shambani. Aliniambia nifunge chandarua. Nikamjibu kwamba joto lingeniua kabla ya mbu.

Haukupita mwezi. Nilikuwa ubaoni, nachora chembe nyeupe ya damu kwa kidato cha pili, mkono ukaanza kutetemeka nikashindwa kufunga duara. Kufika jioni nilikuwa naweweseka. Mama alinipakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yangu na kunifunga kiunoni kwake kwa khanga, tukaenda hivyo hadi hospitali Ifakara. Siku mbili zilizofuata sizikumbuki.

Nilipopata fahamu, mtaalamu wa maabara aliyesoma damu yangu alikuja kuniona, mama mmoja wa makamo. Nilimwamkia, kisha nikamweleza kwamba ugonjwa huu nimeuzoea tangu kuzaliwa, sielewi umeniangushaje wakati mama yangu alikutwa na vimelea na bado akaenda kulima. Akauliza nilikuwa naishi wapi. Nikamtajia Makete, kwenye baridi ambako malaria ni nadra.

"Basi mwili wako umesahau, mwalimu," akasema. "Wa mama yako bado unakumbuka."

Niliona aibu, kwa sababu somo lenyewe nalifundisha. Mwili ukikutana na kimelea hutengeneza kingamwili za kukitambua hichohicho, na chembe chache hubaki na kumbukumbu yake. Kwa surua, kumbukumbu hiyo hudumu maisha. Kimelea cha malaria ni mjanja, hubadilisha sura yake, na mwili hulazimika kujifunza sura moja baada ya nyingine kwa miaka. Hata ukishajifunza haukifukuzi chote, unakibana tu kisikuangushe. Usipokutana nacho muda mrefu, kingamwili hupungua. Haya yote niliyajua. Sikuwahi kufikiri kwamba yananihusu.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anasikiliza. Aliuliza kama wangeweza kuchukua hiyo kinga kwenye damu yake wanitilie mimi.

Yule mtaalamu hakucheka. "Ulishampa, mama," akamwambia. "Alipokuwa tumboni ulimpitishia yako, ikamlinda miezi yake ya kwanza. Baada ya hapo kila mtu hujijengea ya kwake."

Mama alifungua chupa ya uji. Kisha akasema kumbe hakuniacha mikono mitupu, na akanimiminia uji.

Nilitoka baada ya siku sita, nimekonda, na chandarua nilikifunga mwenyewe kabla hata ya kuoga. Huu ni mwaka wangu wa nne bondeni. Malaria imenirudia mara mbili, na mara zote nilipima siku ileile homa ilipoanza. Sasa mada ya kinga ya mwili naifundisha bila kufungua kitabu. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini bibi yake wa kijiji cha Mofu hashikwi na homa wakati kipimo chake kinaonyesha vimelea. Nilivuta kiti nikakaa, nikawaambia wafunge madaftari kwanza, niwasimulie yaliyonipata mimi na mama yangu.